Umeme wa Blanketi la Mama Mkwe

Ninafundisha fizikia katika sekondari moja ya Likasi, na kila mwaka nawaandikia wanafunzi ubaoni jambo lile lile: ukijua nguvu ya chombo, ukajua na muda kinaowaka, umeshajua kinakula umeme kiasi gani. Hesabu ya mtoto. Ndiyo maana msimu mzima wa baridi nilikuwa mtu wa hasira, maana mu nyumba yangu mwenyewe kulikuwa na chombo kimoja ambacho nguvu yake nisingeweza kuijua hata kwa dawa. Chombo hicho kilikuwa juu ya kitanda cha mama mkwe wangu.

Asiyejua mambo yetu ataniambia, nenda ukasome lebo yake. Haya, nenda wewe. Kwetu mwanamume haingii chumba cha mama mkwe. Hamshiki mkono, hakai kiti alichokalia, hamwangalii usoni, na kitanda chake hakitajwi kabisa, ni kama hakipo duniani. Tunaita bukwe. Hakuna chuki ndani yake. Mama mkwe wangu ni mtu mwema na mimi nampenda, lakini nampenda nikiwa nimeangalia pembeni. Nyumba yetu ni zile za zamani walizojengewa wafanyakazi upande wa Shituru, koridoni watu wawili hawapishani bila mabega kugusana, kwa hiyo nikisikia kandambili zake zinakuja nageukia ukuta mpaka apite. Ukuta ule naujua kuliko uso wake.

Alikuja kwetu mwezi wa tano, kutoka kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele. Mume wake alikuwa ameshafariki, watoto wametawanyika, na mwaka uliotangulia alianguka mlangoni pake asubuhi, akabaki pale chini mpaka jioni mtu mmoja aliyepita na samaki alipomkuta. Bibi yangu, yaani mke wangu, hakuweza kusahau habari hiyo. Ni mtoto wa mwisho, na mtoto wa mwisho kwao ndiye anayebaki na mama. Akaniambia mama anakuja kukaa, wala haikuwa swali.

Sasa, watu wanafikiri Kongo nzima ni joto. Waje Likasi mwezi wa sita. Maji ya ndoo yanauma vidole, wanafunzi wanakuja darasani wamevaa makoti ya baba zao, na mimi mwenyewe naandika ubaoni nikiwa na soksi mkononi. Mama mkwe alikuwa na magoti mabaya. Shemeji yangu, dada mkubwa wa bibi yangu anayeishi Ubelgiji, akasikia kwamba mama anatetemeka, akampa msafiri blanketi la umeme alilete. Blanketi lina waya ndani, unachomeka ukutani, linakuwa na joto. Watoto walilishangilia. Mimi nililipigia makofi pamoja nao, sikujua ninachokipigia.

Lazima niseme habari ya compteur, mita ya umeme. Zamani tulikuwa tunalipa bei moja kila mwezi, uwashe usiwashe, na watu walikuwa wanaacha taa zinawaka mchana kwa kiburi tu. Halafu wakatuletea compteur za kununua umeme kabla ya kuutumia: unaingiza namba, inakuandikia yuniti, na kuanzia hapo yuniti zinapungua ukiziangalia. Ni kitu kibaya kumpa mwalimu wa fizikia. Yangu iliwekwa ukuta wa nyuma, nje, pale ukuta unapokunja kona, ikielekea kwa karibu kabisa dirisha la chumba alichokuja kupewa mama mkwe. Kwa kuwa kwetu wezi wanabeba kila kilicho chuma, nikaichomelea kizimba cha nondo, na Jumamosi moja, mama mkwe akiwa ameshafika, nikakipigilia ukutani kwa nyundo kubwa na misumari ya zege. Nilipiga mpaka jirani akatoka kuangalia. Kizimba kikakaa imara, nami nikajisifu juma zima.

Ila shida ikawa kusoma. Ili nione yuniti ilinibidi nisimame uso kwa uso na dirisha la mama mkwe, jambo ambalo haliwezekani. Nikabuni namna yangu: naenda ubavu-ubavu, mgongo ukutani, shingo nimeielekeza upande wa choo, nikifika nainua jicho moja juu, nasoma, narudi vile vile. Kila asubuhi kabla ya shule. Jirani yetu mmoja, mama wa kanisa, alimletea bibi yangu mafuta ya kuchua, akasema amemwombea mumewe shingo.

Juma moja baada ya blanketi kufika, yuniti zilianza kukimbia. Nilinunua, zikaisha. Nikanunua tena, zikaisha mapema kuliko zile za kwanza. Halafu compteur ikaanza kulia: pi, pi, pi, asubuhi, mchana, jioni. Kila mtu Likasi anajua compteur ikilia inataka kulishwa. Nilikuwa nikisikia naondoka mezani na tonge la bukari mkononi, naenda ubavu-ubavu mpaka kwenye kizimba, nainua jicho, nakuta yuniti zipo. Narudi kukaa. Pi, pi, pi. Nikaona hii compteur imeshakuwa mgonjwa wa hofu kama mwenyewe.

Nikamuuliza bibi yangu, kwa sauti ya chini, ile kintu ya mama inakula ngapi. Akaniuliza kintu gani. Alijua vizuri sana kintu gani. Alitaka nitamke blanketi, na nikitamka blanketi, kitanda kiko nyuma yake. Nikasema, ile ya kutoka Ubelgiji. Akasema, dada yangu ametuma vitu vingi. Basi tukaendelea hivyo, mwalimu mzima nazunguka kintu kama mbuzi aliyefungwa kamba, mpaka akanionea huruma akaenda kuangalia lebo. Aliporudi alisema, akicheka, kuna picha ya pasi imekatwa msalaba, kuna picha ya pini imekatwa msalaba, na kuna mtoto mchanga naye amekatwa msalaba. Nikamuuliza namba je. Akasema namba zilikuwa upande wa pili, na upande wa pili mama ameukata na mkasi kwa sababu ulikuwa unamkwaruza.

Nikamwambia labda nyuma ya kiwashio kuna namba zingine, apige picha na simu. Hapo bibi yangu akaacha kucheka. Akataka kujua kama nimefikiri ninachosema: picha ya kitanda cha mama yake, ndani ya simu ya mukwe wake. Wanafunzi wakishika simu hiyo je? Pasteur wa kanisa letu je? Nikaomba msamaha na sikuirudia hoja ile.

Kosa langu la pili lilikuwa kumwandikia shemeji. Niliandika kwa adabu, Kifaransa cha barua, nikamwomba anitajie nguvu ya kifaa alichotutumia, kwa faida ya elimu tu. Hakunijibu mimi. Alipeleka ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha simu cha ukoo wao mzima, akilia, akisema mukwe wetu anamhesabia mama usingizi. Kuanzia hapo nilikuwa na kazi. Shangazi mmoja aliniandikia aya za Biblia kuhusu wajane. Mjomba wao wa Kolwezi hakuandika neno. Alituma tu picha ya bibi kizee mmoja asiyejulikana, kajifunika gunia, anatetemeka. Akaituma tena kesho yake, kama mtu aliyeona sikuielewa vizuri.

Bibi yangu aliniwekea chakula siku nzima bila kuniangalia. Jioni akakaa mbele yangu, akasema polepole, na haya ndiyo maneno yaliyonitisha kuliko kikundi chote cha simu.

"Kama mama anarudi kule ziwa juu ya compteur yako, minye nitamufuata. Siwezi kumuacha aanguke tena peke yake. Weye utabaki na yuniti zako."

Namjua. Hasemi kitu asichokifanya.

Basi mimi nikaamua blanketi haliguswi, tutabana kwingine. Nikazima friji. Nikafunga réchaud, jiko la umeme, kabatini, tukarudi kupika na makala, yaani mkaa, kwenye mbabula nje. Pasi ikapumzika, nikaanza kwenda shule na shati lililolaliwa chini ya godoro. Televisheni nikaichomoa mwenyewe, nikasikia watoto wakisema baba amekuwa wa kijijini. Tulikuwa nyumba yenye umeme inayoishi kama haina, ili kitanda kimoja kiwe na joto. Na bado yuniti zinashuka, na bado pi, pi, pi. Ilinichoma kama mwalimu. Usiku una saa zake. Hata ningelihesabia blanketi lile nguvu ya kukaanga nyama, hesabu haikufika pale. Nilihitaji kulipima peke yake, vyombo vyote vingine vikiwa vimezimwa kabisa, hata taa ya choo. Lakini nitaizimia vipi nyumba nzima bila kusema sababu?

Njo nikapata wazo la kufunga.

Sisi ni watu wa kanisa la uamsho, na kanisani kwetu watu wanafunga. Wanafunga kwa ajili ya viza, kwa ajili ya mume, kwa ajili ya mtihani wa serikali. Wanaochimba kule machimboni wanafunga ili wakute madini. Nikaenda kwa pasteur nikamwambia Roho amenisukuma, nyumba yangu inataka kufunga umeme kama watu wanavyofunga chakula. Akasema hajaona mahali palipoandikwa kwamba ni dhambi. Nilimwomba atangaze waziwazi kwamba wazee na wagonjwa hawahusiki na mfungo huu, wao waendelee na kila walicho nacho. Alitangaza, nikamwomba arudie, akarudia, mimi nikiwa nimeangalia bati la kanisa. Lakini pasteur alilipenda lile wazo kuliko nilivyotaka. Akaliita mfungo wa nuru ya mwili ili ipatikane nuru ya roho, na familia kadhaa za avenyu yetu zikasimama kujiunga. Baba mmoja kinyozi alijiunga na mashine zake zote, akapoteza wateja, akasema anauona mkono wa Bwana.

Mfungo ulianza Alhamisi mpaka Jumapili. Nilipita chumba kwa chumba, isipokuwa kimoja, nikachomoa kila kitu. Avenyu ikawa giza, watu wanaimba nyimbo na mishumaa. Mimi nilikuwa nasubiri asubuhi kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Ijumaa asubuhi nikaenda ubavu-ubavu, nikainua jicho. Yuniti zilikuwa pale pale nilipoziacha. Nikafikiri nimesoma vibaya. Jumamosi, pale pale. Jumapili, pale pale, hata nukta moja haikusogea. Nilisimama pale na shingo yangu imepinda. Kitu kinachotoa joto bila kula umeme hakipo. Kama kipo, nimewadanganya watoto wa watu miaka yote. Na compteur yenyewe ilikuwa inaendelea kulia, sauti ndogo, ya kufunikwa, kana kwamba inalia bila njaa.

Kanisani pasteur aliniita mbele nitoe ushuhuda. Sasa nishuhudie vipi? Siwezi kutaja kitanda cha mama mkwe mbele ya kusanyiko. Nikasema kuna chombo fulani, mahali fulani, ambacho kilikuwa kinawaka, na hakikula kitu. Wakasema amina. Mtu mmoja nyuma akauliza chombo gani, akanyamazishwa. Nilipotoka nikaandika kwenye kikundi cha ukoo wa bibi yangu: nimehakikisha kisayansi, ile kintu haile umeme, mama alale kwa amani. Mioyo myekundu ikaanguka kwenye simu yangu kama mvua. Mjomba wa Kolwezi akatuma dole gumba moja. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Bibi yangu hakuwa kanisani siku hiyo, na mama yake pia. Nikamkuta koridoni na begi, lile la plastiki lenye mistari, ambalo mama mkwe alikuja nalo. Lilikuwa limejaa. Ndani ya chumba nikasikia kikohozi kikubwa, cha kifuani.

"Mama anataka gari ya Tshangalele kesho," akasema. "Anasema nyumba inayofunga mpaka courant iko na shida kubwa, na yeye hataki kuongeza."

Nikamwambia lakini yeye hakuhusika, pasteur alisema mara mbili. Akanijibu kwamba mama alizima ile kintu tangu Alhamisi jioni. Mama yake amefunga na kanisa tangu ujana wake, hajawahi kuambiwa na mtu kwamba yeye ni mzee. Mufungo ni mufungo.

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Kwa hiyo hapakuwa na muujiza. Nilikuwa nimepima blanketi lililozimwa, kwa uangalifu mkubwa, asubuhi tatu, nikashuhudia matokeo mbele ya Mungu na mbele ya Kolwezi. Na mwanamke mzee, ambaye kazi yangu ilikuwa kumpa joto, alikuwa amelala kwenye baridi kwa ajili ya jaribio langu, na sasa anakohoa, na kesho anaondoka, na nilijua nani atafuata nyuma ya lile begi.

Nikasimama mlangoni kwake, mgongo kwa pazia, uso kwa ukuta wangu. Kwa desturi mukwe akitaka kusema jambo zito anapitia mtu wa katikati, hata kama wote wanasikiana. Nikamwambia bibi yangu: mwambie mama asiondoke. Bibi yangu akasema, mama, anasema usiondoke. Mama mkwe akasema ndani, umwambie nimesikia. Bibi yangu akaniambia, anasema amesikia. Nikasema, mwambie shida haipo, mfungo ulikuwa wa kiroho tu. Kabla bibi yangu hajafungua kinywa, nyuma ya pazia, karibu kabisa na kisigino changu, nikasikia pi, pi, pi.

Nikauliza kama compteur iko ndani ya chumba.

Bibi yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka machozi yakamtoka, na mle ndani kikohozi kikachanganyika na kicheko kingine. Kisha mama mkwe akafanya jambo ambalo hakuwa amefanya tangu nimuoe mtoto wake. Alisema nami mwenyewe, bila mtu wa katikati.

"Ni kuku yako hiyo, mukwe. Iko mudogo bado."

Wakanieleza, mmoja ndani, mmoja nje. Kwao bukwe haifungi mtu mpaka kaburini. Mama mkwe akitaka kuilegeza anampikia mukwe kuku, mukwe anaila mbele ya ndugu, na kuanzia siku hiyo anaweza kumsalimu mama kwa mkono, kuingia kwake, kumshikia kazi. Lakini lazima iwe kuku aliyeifuga mwenyewe. Kuku ya sokoni haifungui kitu. Aliyokuja nayo kutoka ziwani ilikufa ndani ya lori, ikakanyagwa na magunia. Akanunua vifaranga kwa mama jirani, na vifaranga baridi ya Likasi inaviua kabla havijajua kuchakura. Ndipo blanketi likafika. Alilizungushia boksi la vifaranga chini ya kitanda, likawaka mchana na usiku. Nami nilikuwa nimehesabu usiku tu. Yeye mwenyewe hakujifunika nalo hata mara moja. Alilala na nguo zake zote mwilini.

Na wakati wa mfungo je? Bibi yangu akaangalia chini. Wakati wa mfungo mama aliviweka vifaranga kifuani, ndani ya kitenge, akakaa ameegemea ukuta bila kulala asije akavilalia. Hakikufa hata kimoja.

Hapo hasira ikanipanda, ile yangu ya kweli, na sikujua niielekeze kwa nani. Kuku! Nani amemwomba kuku? Nimeishi na ukuta miaka yote, ningeishi nao mingine. Nikasahau bibi yangu, nikasahau desturi, nikasema moja kwa moja kwenye pazia:

"Mama, haraka ilikuwa ya nini?"

Bibi yangu akaanza kufungua mkono wa begi na kuufunga tena.

"Kioo," mama mkwe akasema.

Kioo cha dirisha lake kilikuwa kimevunjika. Tangu Jumamosi ile. Nilipokuwa napigilia kizimba cha compteur, ukuta ulitikisika, kioo kikapasuka kikaanguka ndani, na mimi nje najisifu. Alikiokota kipande kwa kipande, akaziba tundu na katoni na kitambaa, na baridi yote ya mwezi wa sita ikawa inaingia hapo. Kumwambia mukwe habari ya dirisha la chumba unacholala, haiwezekani. Kumwita fundi mwingine aingie, wakati mukwe yupo hai na mikono yake miwili, ni kuitangazia avenyu kwamba binti yake hana mume. Ilibaki kuku inifungulie mlango nikaweke kioo, na bibi yangu alikatazwa kusema. Alijaribu tu mara moja, mezani. Aliniambia kule nyuma kuna baridi inaingia. Nakumbuka jibu langu. Nilimweleza jinsi hewa nzito ya baridi inavyokaa chini na nyepesi inavyopanda, nikachora na kijiko kwenye bukari.

Wakubwa walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa ukutani, ndani ya kizimba nilichokichomelea mwenyewe.

Nilitaka nikaweke kioo saa ile ile. Mama mkwe akakataa. Akasema amefika mbali sana na zile kuku kuharibu sasa. Alikubali tu nimzibie tundu na ubao kutoka nje. Nikapigilia taratibu, uso nimeuelekeza chooni, na nyundo ikakuta dole gumba langu mara mbili. Jirani aliyaleta tena yale mafuta. Tulimpeleka mama zahanati kwa ajili ya kifua, bibi yangu nyuma ya pikipiki moja na mama, mimi nyuma ya nyingine, mbali. Friji ikawashwa. Kwenye kikundi cha ukoo sikuandika kitu, na pasteur sikumwambia; kinyozi yule mpaka leo anashuhudia muujiza wangu, na sijapata moyo wa kumnyang'anya. Begi lenye mistari lilirudi juu ya kabati. Yuniti zikaendelea kukimbia, nami nikawa nanunua bila kuuliza, kwa sababu sasa nilikuwa nalisha kuku wangu.

Mwisho wa mwezi wa nane aliipika ile kuku. Mjomba wa Kolwezi alikuja akiwa na koti, akakaa karibu nami, akahakikisha nimekula firigisi. Nilikula. Ilikuwa na mafuta na tangawizi, nami nilikuwa nalia kidogo, nikasingizia pilipili. Mama mkwe akanyoosha mkono nikaushika kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mdogo na mkavu. Kisha akasema, sasa ingia.

Niliingia na kioo kipya, mastiki ya kukishikia, na kisu. Blanketi lilikuwa limekunjwa juu ya kiti. Baridi ilikuwa imeshaisha, hakuna aliyelihitaji tena. Nililiangalia, sikuligeuza kutafuta namba. Nikang'oa ule ubao, mwanga ukaingia, na pale nje, karibu ningeweza kuigusa, ilikuwa compteur yangu ndani ya kizimba chake. Kutoka kitandani namba zilikuwa zinasomeka zote.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kila asubuhi nilikuwa nakuona pa ka tundu ka katoni," akasema. "Unakuja, unaangalia compteur. Minye nasema moyoni: leo ataangalia na huku."

Nilitaka kugeukia ukuta kama nilivyozoea. Lakini nilikuwa nimeshika kioo kwa mikono miwili, na mbele yangu, mahali pa ukuta, palikuwa lile tundu.